Kumi na Moja kati ya Arobaini na Saba

Miji yenyewe ni Cloonarragh na Kiltavalla. Iko katika kaunti moja, kilomita thelathini na nane kati yake, na hakuna hata mmoja wenye watu zaidi ya elfu moja na mia sita. Septemba 2017 nilipewa kazi ya kuilinganisha kwa takwimu za sensa ya mwaka uliotangulia, kwa sababu kituo cha mchana cha wazee kilikuwa kinajengwa kimoja tu, na kamati ilikuwa imechoka na hotuba za madiwani. Kamati ilitaka namba.

Masharti yalijaza nusu ukurasa. Vipimo vilikuwa vitano: watu wasio na kazi, nyumba zisizo na gari, watu walioishia shule ya msingi, wazee wanaoishi peke yao, na sehemu ya watu wa miaka themanini na zaidi ambao afya yao imeandikwa kuwa mbaya au mbaya sana. Kila kipimo kilikuwa na pointi moja, na mji wenye hali mbaya zaidi ndio ulioichukua. Mji wenye pointi tatu ungepata kituo. Mwishoni mwa ripoti palikuwa na mstari wa saini ya mchambuzi, na juu yake sentensi hii: Sijui jambo lolote linalofanya takwimu hizi zisiwe sahihi. Nilikuwa nimeitia saini sentensi hiyo mara kumi na tisa katika miaka sita, na sikuisoma tena baada ya mara ya kwanza.

Nilizaliwa Cloonarragh. Nilimweleza hivyo mkuu wangu, Colman Tuohy, siku ileile aliponipa faili. Alisema ofisi ina wachambuzi wanne, wawili wako likizo ya uzazi, mmoja hajui kugawanya, na kwamba mke wake yeye ni mtu wa Kiltavalla. "Wewe hesabu, mimi nikague," alisema. "Tukipendelea, tutakuwa tumependelea pande zote mbili."

Vipimo vinne vya kwanza viligawanyika sawasawa. Cloonarragh ilikuwa mbaya zaidi kwa kazi na kwa magari, Kiltavalla kwa shule na kwa wazee wa peke yao. Kipimo cha tano ndicho kilichobaki. Cloonarragh ilikuwa na watu 48 waliofika miaka themanini, na kati yao 12 walikuwa na afya mbaya au mbaya sana, yaani asilimia 25.0. Kiltavalla ilikuwa na 53, wagonjwa 13, asilimia 24.5. Tofauti ilikuwa nusu ya asilimia. Masharti hayakusema tofauti iwe kubwa kiasi gani. Niliandika pointi ya tatu kwa Cloonarragh.

Ningeishia hapo. Lakini jedwali tuliloletewa lilikuwa na majibu ya maswali yote ya fomu, hata yale ambayo hatukuyaomba, na mimi nina desturi ya kupitia kila safu kabla sijafunga faili. Kila mji ulikuwa umegawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, nyumba themanini hadi mia kwa eneo. Katika eneo la Mtaa wa Kinu, chini ya swali la nani anazungumza Kiayalandi kila siku nje ya shule, palikuwa na namba 1.

Cloonarragh si mahali pa Kiayalandi. Watu hujifunza shuleni kwa miaka kumi na mitatu, kisha hukitumia kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kusalimia watalii. Mtaa wa Kinu naujua nyumba kwa nyumba, na mtu pekee niliyemsikia akikizungumza kila siku ya Mungu alikuwa mama yangu, Sabina Lally, aliyeolewa pale mwaka 1958 kutoka pwani ya magharibi. Alikizungumza na redio, na kuku, na chungu kilichochelewa kuchemka. Sisi alitusemesha Kiingereza, ili tupate kazi.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 23 Aprili 2016, saa kumi alasiri. Sensa ilikuwa usiku wa Jumapili, tarehe 24. Wanaohesabiwa ni watu walio hai saa sita usiku, mahali popote watakapokuwa.

Niliwakumbuka kwa majina wanawake wa Mtaa wa Kinu waliokuwa wamefika themanini mwezi ule. Walikuwa wanne. Jedwali lilisema watano.

Niliandika tarehe zile mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine, nikapiga mstari chini yake kama mtu anayetaka kutoa. Kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Ilikuwa supu ya karoti. Nakumbuka kwa sababu niliimaliza yote.

Niliporudi nilifanya hesabu. Kama mama alikuwa ameandikwa kuwa na afya nzuri, kumtoa kungeiacha Cloonarragh na wagonjwa 12 kati ya watu 47, asilimia 25.5, na mji ungeshinda kwa nafasi zaidi. Kama alikuwa ameandikwa mgonjwa, wangebaki 11 kati ya 47, asilimia 23.4, na kituo kingekwenda Kiltavalla. Vile vipimo vingine vinne nilivikokotoa upya bila yeye. Pointi hazikuhama.

Aliyejaza fomu ya nyumba yetu alikuwa kaka yangu, Malachy. Mimi nilikuwepo usiku ule, lakini nilikuwa nimekaa sebuleni kwenye kiti kilicho karibu na jeneza, kwa sababu kwetu maiti haachwi peke yake hata dakika moja hadi atakapotolewa kwenda kanisani. Tulilala tisa katika nyumba ya vyumba vitatu, ukiwahesabu ambao hawakulala. Fomu ina nafasi za watu sita. Karani wa sensa, ambaye ni jirani, alikuja kutoa pole akiwa na begi lake la kazi, akampa Malachy fomu ya nyongeza pamoja na kadi ya misa ya kumwombea marehemu, kisha akakaa akala sandwichi za nyama. Hakuna aliyeona ajabu.

Jumapili baada ya hesabu ile niliendesha gari kwenda nyumbani. Ripoti ilitakiwa Jumatatu.

Malachy ana miaka hamsini na minane, hajaoa, na huendesha lori la maziwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi alasiri. Nilimkuta jikoni akiponda viazi. Mezani alikuwa ameketi Bairbre Folan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa miaka themanini na minne. Jumapili alikuwa akila kwetu. Siku nyingine Malachy alimpelekea sahani iliyofunikwa. Bairbre alikuwa anaanguka mara kwa mara. Haikuwa siri. Mwezi Agosti muuguzi wa wilaya alikuwa amewaambia wote wawili kwamba hawezi tena kubaki peke yake mchana kutwa: ama kituo kifunguliwe Cloonarragh, ama kabla ya mwisho wa majira ya baridi ahamie nyumba ya kulelea wazee. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa Kiltavalla.

"Umekuja bila kupiga simu," Malachy alisema. "Nani amekufa?"

Nilisema hakuna.

"Basi kaa ule."

Kulikuwa na nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi. Tulizungumza habari za barabara na za padri mpya, ambaye kwa maelezo ya Bairbre alisoma misa kana kwamba ameacha jiko likiwaka. Nilingoja Malachy amalize nusu ya sahani yake ndipo nikamuuliza kama alimwandika mama kwenye fomu ya sensa.

"Nilimwandika," alisema. "Mtu wa kwanza."

"Alikuwa amekufa siku moja na saa nane."

"Fomu iliuliza nani yupo nyumbani usiku ule. Alikuwepo. Alikuwa sebuleni, na wewe mwenyewe ulikuwa umekaa naye. Ulitaka nimwandike yuko wapi?"

"Wanaohesabiwa ni walio hai."

"Hiyo iko ukurasa wa maelezo. Nani anasoma ukurasa wa maelezo, ukiacha wewe?"

Bairbre alicheka ndani ya kikombe chake.

Nilimuuliza kwenye swali la afya aliweka nini. Alifikiri kidogo, uma ukiwa hewani.

"Mbaya sana," alisema. "Kulikuwa na visanduku vitano. Niliweka alama kwenye cha mwisho. Hakukuwa na cha sita."

Nikawaeleza wote wawili, kwa sababu jambo lenyewe lilimhusu Bairbre kuliko mtu mwingine yeyote pale mezani. Niliwapa namba kama zilivyo: kumi na mbili kati ya arobaini na nane, kumi na moja kati ya arobaini na saba. Malachy aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, lakini hupima maziwa kila siku na asilimia hazimsumbui. Alielewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo mama ndiye anayetuletea kituo."

"Kwa sasa, ndiyo."

"Basi mwache afanye kazi. Hajawahi kukaa bure huyo."

Nilimweleza habari ya saini, na sentensi iliyo juu ya saini. Aliuliza nani mwingine anajua. Nilisema hakuna, karani wa sensa hakuisoma fomu, na fomu zenyewe zimefungiwa kwa miaka mia moja. Aliuliza basi nani atadai. Nilisema hakuna atakayedai, lakini sentensi haiulizi nani atadai, inauliza mimi najua nini. Alisema tangu nikiwa mtoto nilikuwa mtu wa kurudisha chenji dukani hata aliyekosea akiwa ni mwenye duka. Hakusema kama sifa.

Kisha akageuza kiti chake.

"Haya. Kama unasahihisha, sahihisha yote. Mtoe mama, sawa. Bibi Bairbre, wewe kwenye afya uliandika nini?"

"Nzuri," Bairbre alisema.

"Nzuri. Mwezi ule ulianguka mara mbili. Mimi ndiye niliyekuokota."

"Nilianguka nikiwa na afya nzuri."

"Unaona?" Malachy aliniambia. "Huyu ni mgonjwa kuliko watu nusu ya mji. Mwandike alivyo. Mtoe mmoja, mweke mmoja. Inakuwa ngapi?"

Ilikuwa kumi na mbili kati ya arobaini na saba. Asilimia 25.5. Nilikuwa nimeipata kichwani kabla hajauliza, na nilimtajia. Wote wawili walinitazama.

Nikasema haiwezekani. Swali la afya linauliza mtu mwenyewe anaionaje afya yake. Anayeanguka kila wiki akiona ana afya nzuri, jibu lake ni sahihi, kwa sababu alichoulizwa ni anavyoona. Hakuna wa kumsahihisha, wala mimi, wala daktari. Kuwa hai saa sita usiku si maoni.

"Kwa hiyo uongo wa Bibi unabaki, ukweli wangu unatoka."

"Si uongo, Malachy," Bairbre alisema. "Niliulizwa, nikajibu. Na usimsumbue dada yako, chakula kinapoa."

Malachy alisimama akaweka birika motoni. Ili kumaliza nilichokuja kukifanya, nilimwambia Bairbre kwamba kilichonionyesha kosa ni ile namba 1 kwenye safu ya Kiayalandi, kwamba mtaa mzima mama ndiye pekee aliyekuwa akikizungumza kila siku. Niliisema kama habari tu.

Bairbre alipangusa sahani yake kwa kipande cha mkate hadi ikang'aa.

"Akizungumza na nani?" aliniuliza.

Nilisema na kuku.

"Miaka hamsini na nane na kuku?"

Alieleza bila haraka. Yeye alizaliwa vijiji viwili kutoka kwa mama, kwenye pwani ileile, na hadi miaka tisa hakuwa na neno la Kiingereza. Alipoolewa Cloonarragh, mama mkwe wake alimwonya asithubutu kufungua mdomo dukani kwa lugha ya watu wasio na viatu. Hakuthubutu. Kila karatasi iliyomuuliza tangu siku hiyo, pamoja na za sensa zote, alijibu kwamba hajui Kiayalandi. Lakini kila asubuhi, mama alipotoka kulisha kuku, yeye alitoka kuanika nguo, na walizungumza juu ya ukuta hadi mmoja wao asikie baridi. Sauti yake ni ndogo, ya mama ilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa nikisikia upande mmoja tu.

"Na usiku ule wa maiti je?" Malachy aliuliza kutoka penye birika. "Ulikaa naye kutoka saa tano hadi mapambazuko ukimnong'oneza. Nilidhani unasali."

"Nilikuwa namwambia nani amekuja na nani hakuja," Bairbre alisema. "Angetaka kujua."

Nilimsaidia kurudi nyumbani kwake, hatua ishirini na sita, akisimama mara tatu. Mlangoni aliniuliza kama kituo kingekuwa na supu au chakula kamili. Nilisema chakula kamili. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa hali ya hewa ya nchi nyingine.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea Tuohy majedwali mawili, lenye mama na lisilo na mama. Alitazama lile la kwanza, kisha la pili, kisha akavua miwani.

"Huyu mmoja ni nani?"

"Alikuwa amekufa saa ya sensa."

"Unajuaje?"

"Ni mama yangu."

Alikuwa amekuja kwenye mazishi. Alikumbuka tarehe, nikaona anaihesabu, nami nikamweleza Malachy alivyoijaza fomu. Alisema pole, kama alivyoisema makaburini, kisha akasimama akafunga mlango. Alinieleza kwa utaratibu kwamba kwa mujibu wa kanuni jedwali lililochapishwa ndilo jedwali, na kwamba jambo mtu alilolisikia mezani kwa kaka yake si takwimu. Makosa ya namna hii yapo katika kila mji, Kiltavalla ikiwemo. Tofauti ni kwamba hatuyajui. Nilimjibu kwamba hoja hiyo ni nzuri na ningeikubali, isingekuwa sentensi ya saini. Haisemi hakuna makosa. Inasema sijui.

Alirudi kwenye kiti chake.

"Niachie mimi," alisema hatimaye. "Nitasaini mimi badala yako. Mke wangu ni wa Kiltavalla, hakuna atakayesema nilipendelea kwenu. Na mimi sijui kitu."

"Unajua. Nimekuambia sasa hivi."

"Ungeweza kutoniambia, Ethna."

"Ningeweza."

Alivaa miwani yake tena. Alisema basi niandike tanbihi, na iwe fupi.

Niliandika: Mwanamke mmoja wa miaka 83, mkazi wa Mtaa wa Kinu, alihesabiwa Cloonarragh ingawa alifariki tarehe 23 Aprili, saa thelathini na mbili kabla ya saa ya sensa. Ameondolewa. Tuohy aliisoma akiwa na kalamu mkononi. Sheria hairuhusu mtu yeyote kutambulika katika ripoti, na alikuwa na haki. Alikata mtaa. Akakata umri, kisha neno mwanamke, kisha tarehe. Mtu akijua saa ngapi kabla, alisema, anaweza kutafuta matangazo ya vifo gazetini; akakata na hiyo. Ilibaki: Rekodi moja imeondolewa.

Malachy ndiye aliyeshughulikia cheti cha kifo, tangazo la redio na maneno ya jiwe la kaburi. Mimi nilikuwa sijawahi kuandika popote kwamba mama amekufa. Niliyapiga maneno yale matatu kwenye kompyuta, nikahakikisha nukta ipo, nikasaini.

Rekodi inayoondolewa kwenye safu moja lazima iondolewe kwenye safu zote, la sivyo jumla hazitalingana. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima. Nilimtoa mama kwenye idadi ya wanawake, ya Wakatoliki, ya wajane, ya walioacha shule kabla ya miaka kumi na mitano, ya waliozaliwa nje ya kaunti. Kila mahali palikuwa na namba kubwa, na aliondoka bila kuacha alama: 1,547 ikawa 1,546, 796 ikawa 795. Mwisho nikafika kwenye Kiayalandi, Mtaa wa Kinu, kila siku nje ya shule. Moja kutoa moja.

Nilikaa mbele ya kisanduku hicho kwa muda ambao sikuupima. Hakikuwa miongoni mwa vipimo vitano, na hakuna mwanakamati ambaye angekitazama. Lakini swali lile halikuuliza maoni. Mtu ama alizungumza kila siku au hakuzungumza, na mwezi Aprili 2016 Bairbre Folan alikuwa akizungumza kila asubuhi juu ya ukuta. Alikuwa hai saa sita usiku, na hata saa hiyo alikuwa akizungumza. Kosa la Malachy liliongeza mmoja, kosa la Bairbre lilipunguza mmoja, na namba iliyochapishwa ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Niliiacha 1.

Mwezi Oktoba kamati ilitangaza Kiltavalla. Malachy alisikia kwenye redio ya kaunti akiwa barabarani, akanipigia aliposimama kupakia maziwa. Nilisikia pampu nyuma yake.

"Basi sasa amekufa rasmi," alisema.

"Ndiyo."

"Sawa." Pampu ilizimwa. "Krismasi utakuja?"

Nilisema nitakuja, na nilikwenda. Hakulizungumzia tena jambo hilo, wala Bairbre, ambaye alikaa mahali pake palepale na kusema bata mzinga amekauka.

Mwezi Januari alianguka kwenye ngazi ya nyuma na kulala chini kwa muda wa saa tano kabla Malachy hajarudi. Mwezi Februari nilichukua siku moja ya likizo kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu Malachy hakupata wa kumshikia lori. Sanduku lilikuwa moja. Njiani alihesabu makanisa. Tulipofika Kiltavalla tulipita mahali palipozungushiwa uzio wa bati, na ndani yake mashine ilikuwa inamwaga zege kwenye msingi. Bango lilisema ni kituo cha mchana cha wazee. Bairbre alilisoma lote, pamoja na jina la mkandarasi.

"Watu wa Kiltavalla hawajui kucheza karata," alisema. "Wataketi humo wakitazamana."

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, na dirisha lilitazama uzio ule wa bati kwa ubavu. Muuguzi alituletea fomu ya kumpokea, kurasa nne, akaniambia nimjazie. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, ndugu wa karibu. Hapo Bairbre aliniambia niandike Malachy. Aliketi kitandani bila kuvua koti. Alisema kitu kwa sauti yake ndogo na sikumjibu, kwa sababu ilinichukua muda kutambua kwamba si Kiingereza. Alirudia. Alikuwa anasema kuna upepo. Nikasimama nikafunga dirisha.

Swali la kumi na moja lilikuwa lugha anayoizungumza.

"Niandike nini?" nilimuuliza.

"Andika unachojua. Si wewe ndiye mtu wa ukweli?"

Hakulisema kwa hasira. Nilimtazama kuhakikisha, na uso wake ulikuwa kama siku zote. Niliandika Kiayalandi, kisha mkato, kisha Kiingereza. Aliomba miwani yake, akavuta karatasi, akasoma nilichoandika. Hakuniambia nikifute. Alinirudishia, nikageuza ukurasa.

"Afya kwa ujumla," nilisoma. "Nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya sana."

Bairbre alitazama dirishani. Mashine ilikuwa imenyamaza na wanaume wawili walikuwa wanasawazisha zege kwa ubao mrefu, mmoja kila upande.

"Nzuri," alisema.

Niliandika nzuri.